Uzio na Usalama wa Nyumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaojenga Dar es Salaam

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayejenga, au anayehamia, katika nyumba ya kuishi Dar es Salaam na maeneo ya jirani, kuanzia Kigamboni na Mbweni hadi Goba, Kibamba na Kibaha, ambako mara nyingi uzio ndio unaomaliza fedha zilizobaki baada ya kupaua. Msomaji wa Arusha, Mwanza au Mombasa atakuta mengi yanayomfaa, ila masuala ya kibali na mipaka hana budi kuyapeleka katika ofisi za huko aliko.

Je, uzio humzuia mwizi asiingie?

Peke yake, hapana. Kijana mwenye nguvu, akiwa na mwenzake wa kumpa bega, huvuka ukuta wa mita 2 kabla mbwa wa jirani hajamaliza kubweka. Kazi za uzio ni tatu: kuweka mpaka unaoonekana, ili asiyehusika akikutwa ndani asiwe na kisingizio cha kusema alikuwa anapita, kumchelewesha anayeingia, na kumchelewesha anayetoka akiwa na mzigo.

Hii ya tatu ndiyo husahauliwa, ilhali ndiyo inayookoa mali nyingi. Mtu anayetaka mtungi wa gesi, pampu ya maji au televisheni haumizwi kichwa na namna ya kuingia peke yake, kwa sababu mikono mitupu hupanda popote. Kinachomsumbua ni namna ya kuvusha kitu kizito juu ya ukuta bila kukidondosha na bila kelele. Ndiyo maana mara nyingi mmoja huruka ukuta, huvuta komeo la geti dogo kwa ndani, na mzigo wote hutoka mlangoni kama wa mwenye nyumba. Komeo lisilo na kufuli kwa ndani limekwishafanya ukuta mzima kuwa pambo.

Je, ni bora kujenga ukuta uliozibwa kabisa au uzio unaoruhusu kuona ndani?

Wateja wengi huja wakiwa wamekwishaamua: ukuta mrefu, umezibwa pande zote nne, geti la bati zito lisilo na hata tundu. Naielewa sababu, lakini kwa upande wa mbele, unaotazama barabara, siushauri. Ukuta uliozibwa humficha mwenye nyumba asionwe na wapita njia, na humficha mwizi vilevile. Tofauti ni kwamba akishakuwa ndani, mwizi anauhitaji zaidi.

Kuna nyumba moja Goba ambayo niliitwa asubuhi baada ya tukio. Ukuta ulikuwa wa mita 3, umepigwa lipu na kupakwa rangi, na barabara iliyo mbele yake hupitwa na bodaboda mpaka usiku wa manane. Grili ya dirisha la jiko ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma, nondo moja baada ya nyingine, kazi ambayo haifanywi kwa haraka. Nyuma ya tangi la maji tulikuta vishungi vitano vya sigara na ganda la ndizi. Walikuwa wamekaa, wamesubiri, wamepumzika. Ngazi waliyotokea ilikuwa ya mwenye nyumba, iliyoachwa hapo na mafundi wa rangi. Waendesha bodaboda walipita mbele ya nyumba ile usiku kucha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na njia ya kuona chochote.

Ninachopendekeza ni hiki: upande wa mbele ujengwe kwa kozi (safu) 4 za tofali, ambazo hufika karibu mita 1, kisha juu yake zisimamishwe grili za nondo za wima mpaka mita 2 au zaidi kidogo. Pande za jirani na za nyuma zinaweza kuzibwa. Grili ziwe za wima, wala zisiwe na mapambo ya kulala katikati, kwa sababu kila chuma kilicholala ni kidato cha ngazi. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, ili mtoto asipenyeze kichwa.

Na stara ya familia je?

Ni hoja yenye uzito, na katika pwani yetu ina historia ndefu. Ua wa makuti ulizungushwa nyuma ya nyumba ili wanawake wapike, wafue na kupumzika bila kuonwa. Haukuwa kinga dhidi ya mwizi, kwa kuwa makuti hukatwa kwa kisu cha jikoni. Upande wa mbele kulikuwa na baraza, na waliokaa barazani ndio waliokuwa walinzi. Mpango huo bado unafaa. Stara iwekwe uani, ambako ndiko inakohitajika, na mbele paachwe macho ya watu yafike hadi mlangoni. Anayeona ni vigumu kukubali hilo anaweza kuziba grili za upande wa sebule peke yake kwa mmea unaotambaa, na kuacha sehemu ya geti na mlango mkuu wazi.

Urefu gani unatosha?

Kati ya mita 2 na mita 2.4, ukipimwa kutoka ardhi ya nje. Maneno “ya nje” yana maana kubwa katika maeneo ya miinuko kama Goba, Kimara na Mbezi, ambako kiwanja cha jirani wa juu kinaweza kuwa kimeinuka kwa zaidi ya mita moja; ukuta unaokuzidi kimo wewe uliye chini huweza kuwa wa kukalia tu kwa aliye upande wa pili.

Kuhusu gharama ya kwenda juu zaidi, hesabu ifuatayo inasaidia. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mzunguko wa mita 80. Toa mita 4 za geti, zinabaki 76. Tofali la saruji la inchi 18 kwa 9, pamoja na udongo wa kujengea, huchukua karibu nusu mita kwa urefu na robo mita kwa kimo, hivyo kozi 8 hukupa mita 2 na kutumia matofali takribani 1,270 juu ya msingi. Ukiongeza kozi 2 ili kufika mita 2.5, unaongeza matofali zaidi ya 300, pamoja na nondo, saruji, lipu na siku za fundi. Fedha hiyo, ikiwekwa kwenye geti na taa, huleta faida kubwa zaidi kuliko nusu mita ya ukuta.

Juu ya ukuta niweke nini: chupa, senyenge, nyaya za wembe au umeme?

Vipande vya chupa vilivyopandwa kwenye saruji ni mtindo wa zamani ambao ningependa uishe. Gunia lililokunjwa, au hata mkeka wa gari, hutosha kuvifunika, na anayejeruhiwa mara nyingi ni mtoto aliyefuata mpira au fundi anayerudi kupaka rangi. Senyenge, yaani waya wa miiba wa kawaida, ni nafuu, na mistari mitatu iliyokazwa vizuri kwenye vyuma vilivyoinamia nje humpa mtu kazi. Ikilegea haina maana tena.

Nyaya za wembe zilizosokotwa kwa mviringo huogopwa, na kwa haki. Lakini mtu wa Kigamboni, Mbweni au Bagamoyo akumbuke chumvi ya bahari: waya uliopakwa zinki kwa kiasi kidogo huanza kutoa kutu mapema, na kutu ikishakula vishikizo, mviringo wote huning'inia na kuweza kusukumwa kando kwa fimbo. Aulize ubora wa zinki kabla ya kuuliza bei ya roli. Nyaya hizi zisifungwe chini ya mita 2 mahali ambapo watu hupita.

Fensi ya umeme ndiyo inayofanya kazi vizuri kuliko zote ikifungwa na mtu anayeijua, kwa sababu inarusha na pia inatoa taarifa. Mashine yake haimwagi umeme mfululizo. Hutoa mpigo mmoja kila baada ya sekunde moja hivi, wenye volti elfu kadhaa lakini wa muda mfupi mno, kiasi kwamba mtu hutupwa nyuma kwa maumivu na kupata nafasi ya kuachia. Waya ukikatwa au ukigusishwa ukuta, king'ora hulia. Mambo manne huiharibu. La kwanza ni athi dhaifu, yaani muunganisho wa mashine na ardhi: katika mchanga mkavu, chuma kimoja kilichozamishwa ardhini hakitoshi, na bila athi nzuri mpigo hufifia. La pili ni matawi yanayogusa waya, hasa baada ya masika, hadi king'ora kinalia kila upepo ukivuma na mwenye nyumba anakizima kwa kuchoka. La tatu ni betri iliyokufa, maana umeme ukikatika ndipo fensi inapohitajika. La nne ni kukosekana kwa mabango ya tahadhari, ambayo yanamlinda mpita njia na yanamlinda pia mwenye nyumba atakapoulizwa maswali.

Fundi ameniambia tunaweza kuunganisha waya moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani. Je, ni sawa?

Hapana. Umeme wa nyumbani, wa volti 230, hauna mpigo wala mapumziko. Humshika mtu na kumuua, awe mwizi, mtoto wa jirani au wewe mwenyewe unapoanika nguo. Mwenye nyumba atajibu kwa kifo hicho mahakamani. Fundi anayetoa ushauri huo asirudishwe tena kwenye kazi.

Je, miti inaweza kuwa uzio wa kutosha?

Inaweza, kwa mwenye subira na nafasi. Michongoma iliyopandwa kwa mistari miwili na kupogolewa tangu michanga hutengeneza kichaka ambacho hakuna anayekipita akiwa na akili timamu, na bogenvilia yenye miiba iliyolazwa juu ya wavu wa chuma hufanya kazi nzuri huku ikipendeza. Minyaa, inayotumika sana Dodoma na Singida, huota haraka hata penye ukame, lakini utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho, na penye watoto wadogo siipendekezi.

Udhaifu wa uzio wa miti uko chini. Majani hubaki juu, mashina hubaki wazi kwenye nusu mita ya mwanzo, na mtu hutambaa. Dawa ni kunyoosha wavu wa chuma katikati ya mistari miwili ya miche tangu siku ya kupanda. Baada ya miaka michache wavu humezwa na hauonekani, lakini upo.

Kuna fensi za vibao vya zege vinavyochomekwa kati ya nguzo. Zinafaa?

Zinafaa kwa haraka ya kujenga. Kasoro yake ni kwamba kilichochomekwa kutoka juu huchomolewa kutoka juu. Kabla ya kumruhusu fundi aondoke, hakikisha kibao cha mwisho kimefungwa kwa saruji au kwa mkanda wa zege unaoshika nguzo zote.

Na wavu wa chuma peke yake?

Wavu hukatwa kwa koleo katika muda mfupi sana, kwa hiyo kwa nyumba inayokaliwa ni hatua ya kwanza tu. Kwa kiwanja kisichojengwa unatosha kuonyesha kwamba kina mwenyewe. Ukingo wa chini uzikwe kwenye zege ili usiinuliwe, na nguzo zikiwa za chuma zizamishwe kwa zege pia, kwa sababu biashara ya vyuma chakavu imewafanya wenye viwanja kukuta uzio wenyewe ndio ulioibwa.

Geti linahitaji kuangaliwa vipi?

Kwa makini kuliko ukuta. Nenda kwenye geti lako sasa, shika ubavu wenye bawaba na ujaribu kuliinua. Mageti mengi ya kufunguka kwa mabawa hukaa juu ya pini za bawaba kwa uzito wake tu. Watu wawili wenye nondo ya kuinulia hulitoa zima zima, kufuli likiwa bado limefungwa. Kipande kifupi cha nondo kilichochomelewa juu ya kila bawaba humaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo sana. Geti la kusukuma nalo huweza kuinuliwa kwenye reli yake, na linahitaji kizuizi juu na mwishoni.

Kisha tazama lile tundu la kuingizia mkono, linalomwezesha mwenye nyumba kufungua kufuli la ndani akiwa nje. Mkono wake unaingia, na wa mwingine unaingia pia, ukiwa na mkasi wa chuma. Kufuli lijengewe kisanduku cha bati nene kinachoacha nafasi ya ufunguo tu. Uwazi kati ya chini ya geti na sakafu usizidi sentimita 10. Mvua ikichimba njia hapo, sakafu imwagwe zege upya. Wanaofurahia kupamba geti kwa maua ya chuma upande wa nje wakumbuke kwamba maua hayo ni vidato.

Jambo jingine ni mahali lilipo. Geti likiwa mstari mmoja na barabara, gari hubaki nje likipiga honi huku mtu wa ndani akitafuta viatu, na dakika hizo za usiku ndizo wanazozingojea wanyang'anyi. Kiwanja kikiruhusu, rudisha geti ndani mita 5 au 6 ili gari lisimame nje ya barabara, weka taa juu yake, na hakikisha aliye ndani anaweza kuona ni nani anayepiga honi kabla ya kufungua.

Ni vitu gani vinavyomsaidia mtu kupanda bila mwenye nyumba kujua?

Vingi ni vya mwenye nyumba mwenyewe: tangi la maji lililowekwa kwenye mnara unaogusa ukuta, banda la kuku, rundo la matofali yaliyobaki, mwembe uliotoa tawi nje, ngazi isiyofungwa kwa mnyororo. Upande wa nje kuna lundo la mchanga la jirani anayejenga na nguzo za umeme. Zunguka nyumba yako kwa nje mara moja kwa mwezi, ukitazama kama mtu asiye na ufunguo.

Je, nahitaji kibali, na mpaka nauhakikishaje?

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na uzio uingizwe kwenye michoro tangu mwanzo. Kabla ya kuchimba msingi, bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zitafutwe na mpima, si kwa kukumbuka, na majirani waitwe washuhudie, pamoja na mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Siku hiyo hiyo utakuwa umewajua watu watakaopiga simu wakiona mgeni anaruka ukuta wako, jambo ambalo ni usalama pia.

Aliye kando ya barabara kuu au ya mkoa ajue kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na baadhi ya barabara zina hifadhi pana zaidi, kama walivyoona wakazi wa Kimara bomoabomoa ilipofika mwaka 2017. Ukuta imara uliojengwa ndani ya hifadhi utapakwa alama ya X kama banda la mbao.

Ukuta wangu ulianguka wakati wa masika. Kosa liko wapi?

Mara nyingi liko kwenye maji. Ukuta uliozibwa kwenye mteremko ni bwawa. Maji hujikusanya nyuma yake, udongo hulowa, na msingi husukumwa. Mashimo ya kupitishia maji yaachwe chini, mapana ya kutosha, yakiwa na nondo ili kisipite kiumbe kikubwa kuliko panya. Nguzo za zege zenye nondo ziwekwe kila mita 3 hivi, na msingi ushuke hadi udongo mgumu. Pengo lililoachwa na ukuta ulioanguka lizibwe siku hiyo hiyo, hata kwa mabati, kwa kuwa habari ya pengo husambaa haraka mtaani.

Mimi ni mpangaji. Nifanye nini?

Badilisha makufuli, kwa maelewano na mwenye nyumba, kwa sababu hujui ni wapangaji wangapi waliotangulia walioondoka na ufunguo. Omba taa ya nje. Mengine yaandikwe kwenye mkataba kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

Fedha haitoshi kwa vyote. Nianze na nini?

Anza na milango na grili za nyumba yenyewe, kisha taa za nje, kisha geti na ukuta wa mbele, na mwisho pande za jirani, ambazo pengine mnaweza kuchangia mkikubaliana kwa maandishi. Ukuta wa pande zote uliokosa geti kwa mwaka mzima, kama tunavyouona kila mahali, umekula fedha bila kufunga chochote.

Kufuli nyingi namna hii hazitatuzuia kutoka moto ukitokea?

Zitawazuia, ikiwa ufunguo hauna mahali pake. Angalau grili ya dirisha moja la chumba cha kulala iwe ya kufunguka kwa ndani, na ufunguo wa akiba wa grili hiyo na wa geti utundikwe kwenye msumari mmoja unaojulikana na kila mtu ndani ya nyumba, mtoto na msaidizi wa kazi wakiwamo, mbali na mkono unaoweza kupenya dirishani. Kando ya msumari huo iandikwe ukutani namba ya zimamoto, 114, na ya polisi, 112, kwa sababu usiku wa vurugu simu ndiyo huwa ya kwanza kupotea.